Kinanda Kinachojipiga na Kwaya Inayobaki Kuimba
Hotuba mbele ya washarika na wageni wa dayosisi, Kibiti, katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika



Katika sherehe ya miaka 100 ni desturi kuwataja waliofyatua matofali, waliochimba kisima na waliopaua kanisa. Hotuba hii inahusu kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni sauti ya pili, sauti ya tatu na sauti ya nne za kwaya. Ukuta ukipasuka, kila mtu huuona ufa. Lakini mwalimu wa kwaya akihamishwa kutoka mtaa wa mbali, ufa wake hauonekani. Kwa miezi michache wanakwaya huendelea kama alivyowafundisha. Kisha mwenye sauti ya pili anaolewa kwingine, mwenye besi anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na wanaoingia mahali pao hawana wa kuwafundisha. Pole pole wote huifuata sauti ya kwanza, kwa kuwa ndiyo isikikayo zaidi. Mwishowe hakuna akumbukaye kwamba wimbo ule ulikuwa na sauti nne.

Shida hii ni kubwa zaidi mahali kama delta ya Rufiji, ambako safari ya kwenda kufundisha huanzia Nyamisati kwa mashua na hungoja maji yajae ndipo mkondo upitike. Mwalimu mmoja hawezi kuwa katika mitaa mitano siku moja. Je, upo uwezekano wa kutengeneza, kwa gharama ndogo na kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa, chombo kitakachoishika kila sauti ya wimbo na kuipiga mbele ya wanakwaya hadi waijue? Jibu ni kwamba upo, na elimu yake si siri ya mtu yeyote.

Ikumbukwe kwamba suala la gharama si geni katika historia ya uimbaji wa Kilutheri. Kitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1524, kilikuwa kijitabu chenye nyimbo 8 tu, zilizoimbwa kwa tuni 5. Udogo wake ulikuwa ndio nguvu yake, maana kijitabu kidogo ni rahisi kuchapa, kununua na kubeba. Wimbo hauwi mali ya watu wote mpaka chombo cha kuubebea kiwe ndani ya uwezo wao.

Kuna njia mbili za kuuhifadhi muziki, na tofauti kati yake ndiyo msingi wa jambo hili. Njia ya kwanza ni kuishika sauti yenyewe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, mitetemo ya koo lake na ya vyombo vya wenzake ilichorwa katika mifereji ya santuri. Aliyeiweka santuri ile juu ya gramafoni huko Zanzibar au Lamu alimsikia Siti mwenyewe. Lakini msikilizaji hakuweza kuutenga udi na fidla, wala kuupunguza mwendo wa wimbo bila kuishusha sauti na kuiharibu.

Njia ya pili ni kukishika kitendo cha kupiga. Mwaka 1895 Mmarekani Edwin Votey alitengeneza pianola, mashine iliyosogezwa mbele ya piano na kuzibonyeza funguo zake kwa kufuata matundu yaliyotobolewa katika roli la karatasi. Roli lile halikuwa na sauti hata kidogo. Lilikuwa na amri tu: bonyeza hapa, achia pale. Sauti ilitoka katika piano iliyokuwapo chumbani. Mwaka 1908 watengenezaji wa Marekani walikubaliana juu ya roli la aina moja lenye nafasi za noti 88, na tangu hapo roli la kampuni moja likaweza kuchezwa katika mashine ya kampuni nyingine.

Mapatano ya namna hiyo yalirudi mwaka 1983, safari hii kwa umeme. Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi waliwaongoza watengenezaji wa vinanda kukubaliana juu ya lugha moja ya kidijitali, iitwayo MIDI. Mwezi Januari mwaka huo vinanda viwili vya makampuni yaliyokuwa yakishindana viliunganishwa kwa waya katika maonesho ya biashara ya muziki huko California, na vikaelewana. Jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba lugha ile ilitolewa bila kudai ada ya matumizi. Kwa sababu hiyo, zaidi ya miaka 40 baadaye, fundi wa Kibiti anaweza kuitumia bila kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa.

Lugha yenyewe ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kila noti ina namba yake, kuanzia 0 hadi 127. Do ya katikati ya piano, ile iliyo kwenye ufunguo wa C, ni 60. Noti ya nusu hatua juu yake ni 61, na kuendelea. Amri moja ya kupiga ina sehemu tatu fupi: kitendo chenyewe pamoja na namba ya njia, namba ya noti, na nguvu ya pigo. Amri hiyo hupita katika waya kwa muda wa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Njia ziko 16, kwa hiyo soprano inaweza kupewa njia ya 1, alto ya 2, tena ya 3 na besi ya 4. Ubeti wenye noti 60 kwa kila sauti hauzidi sana baiti 2,000, hata sauti zote nne zikiwamo. Vitabu vizima vya nyimbo vinaweza kuingia katika kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu na nafasi ikabaki.

Wazo la kuuandika muziki kwa namba halipaswi kuonekana kuwa la kigeni katika Afrika Mashariki. Huko Buganda kuna amadinda, marimba ya vibao 12 ambayo wapigaji wawili huipiga wakiwa wameketi kila mmoja upande wake. Mapigo ya mmoja huingia katikati ya mapigo ya mwenzake, na mpigaji wa tatu huitikia katika vibao viwili vya juu. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alipojifunza muziki huo kwa Evaristo Muyinda kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, aliuandika kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda liliishambulia ikulu ya Kabaka, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Muziki ule haukufa, kwa sababu mbili zilizotegemeana: namba zilikuwa zimeandikwa, na wazee kama Muyinda waliendelea kuwafundisha vijana kwa mikono yao. Namba bila mwalimu zingebaki karatasi, na mwalimu bila maandishi angekufa na elimu yake.

Sasa chombo chenyewe. Kinachopendekezwa si kinanda kikubwa cha kupiga sauti nne kwa pamoja. Ni marimba ya vibao 20, kuanzia noti ya 60 hadi ya 79, yaani oktava moja na zaidi ya nusu, inayopiga sauti moja kwa wakati mmoja. Eneo hilo latosha kwa sauti moja ya tenzi nyingi. Sauti ya besi ikiwa chini mno, programu huongeza 12 katika kila namba kwa kila oktava inayohitajika, na besi hupanda hadi kwenye vibao. Kadhalika, kwaya ikiona wimbo uko juu mno, kutoa 2 katika kila namba huushusha kwa hatua moja kamili, mradi noti zote zibaki ndani ya vibao vilivyopo.

Mbao za mninga hufaa, na mabaki ya karakana ya seremala yanatosha. Si lazima kukata mti, na mikoko ya delta, ambayo huhifadhiwa kwa sheria, haihusiki kabisa. Vibao vikiwa na unene na upana mmoja, kibao cha sentimita 40 hupata mwenzake wa oktava ya juu kwenye urefu wa sentimita 28 hivi. Kila kibao kina sehemu mbili zisizotetema, na hapo ndipo kinapotakiwa kuegemea kamba au mpira. Ziko kwenye asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, yaani karibu sentimita 9 kwa kibao cha sentimita 40. Kikishikwa mahali pengine, kitalia kama ubao wa sakafu. Sauti ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, fundi hukikwangua kibao upande wa chini, katikati. Ikiwa chini, hupunguza ncha. Mbao zikaushwe vizuri kabla ya kazi na kupakwa vanishi, maana hewa ya delta ina unyevu na chumvi, na ubao unaokunywa unyevu hubadilika sauti wakati wa masika.

Chini ya kila kibao huwekwa solenoidi, yaani koili ya waya wa shaba yenye fimbo ya chuma katikati. Umeme ukipita, fimbo huruka juu na kugonga kibao, na umeme ukikatwa, uzito wake huirudisha chini, hivyo haihitaji springi. Ncha ya fimbo ivikwe kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ili masikio yasikie ubao na si chuma. Umeme ukikaa muda mfupi mno, fimbo haifiki, na ukikaa muda mrefu mno, fimbo huganda kwenye kibao na kuizima sauti yake. Muda wa kuanzia ni sehemu 30 za elfu za sekunde, kisha kila kibao hurekebishwa kwa kusikilizwa.

Ubongo wa chombo ni bodi ndogo ya Arduino, iliyobuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Mchoro wake uko wazi kwa yeyote, na ndiyo maana bodi za kuigiza zinazofanya kazi ileile hupatikana kwa bei nafuu. Bodi hiyo huisoma kadi ya kumbukumbu na kuzipokea amri. Lakini matundu yake hayatoshi solenoidi 20, tena umeme wake ni mdogo mno kuzirusha. Kwa hiyo huongezwa chipu 3 za namba 74HC595, ambazo kwa waya tatu tu kutoka kwenye bodi hutoa njia 24. Kila moja hufuatiwa na chipu ya ULN2803, inayobeba umeme wa solenoidi zisizozidi nusu ampia kila moja. Chipu hii ina dayodi ndani yake, na hilo ni jambo la lazima: koili inapokatiwa umeme hurudisha mkupuo wa volti nyingi, na bila dayodi mkupuo huo huua chipu siku ya kwanza. Njia 4 zinazobaki zinaweza kutumika kugonga kigoma kidogo cha kuhesabia mwendo.

Tahadhari moja isisahauliwe. Programu ikikwama huku umeme ukipita, koili itaungua na inaweza kuwasha moto. Kwa hiyo programu iandikwe ili kila koili ikatiwe umeme baada ya muda wake bila kungoja amri ya kunyamaza, na fyuzi iwekwe kwenye waya wa betri. Yeyote atakayeiacha fyuzi kwa kutaka kupunguza gharama ameipunguza mahali pasipostahili.

Umeme wa gridi haukufika kila mahali katika delta, lakini chombo hiki hakiutegemei. Solenoidi ya volti 12 inayotumia ampia 0.4 kwa muda uliotajwa hula chini ya sehemu moja ya tano ya jouli kwa pigo. Wimbo wenye mapigo 240 hula jouli 35 hivi, na betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampia-saa 7 ina jouli karibu 300,000. Kinachokula zaidi ni bodi, kwa kuwa inawaka muda wote. Hata ikitumia ampia 0.05, nusu ya betri hiyo itatosha saa 70 za mazoezi, na paneli ndogo ya jua itairudisha. Zaidi ya hayo, chombo chote kinaweza kuingia katika sanduku la kubebwa na watu wawili hadi kwenye mashua. Waliyoyaona mafuriko ya mwaka 2024 katika Rufiji na Kibiti hawahitaji kuelezwa thamani ya chombo kinachoweza kuhamishwa haraka.

Manufaa yake kwa mazoezi yanatokana na ile tofauti ya santuri na roli. Kwa kuwa chombo hushika amri na si sauti, wimbo unaweza kupunguzwa mwendo hadi nusu bila sauti kushuka. Alto inaweza kupigwa peke yake mara 20, na chombo hakichoki wala hakikasiriki. Kisha soprano hupigwa huku wenye alto wakiimba sauti yao, ili waizoee bila kuvutwa. Hata hivyo mwalimu mwenye kujua noti za do-re-mi bado atahitajika, kwani ni yeye atakayezigeuza noti za wimbo kuwa namba. Tofauti ni kwamba akiifanya kazi hiyo mara moja, kadi ile inaweza kufika mitaa yote.

Lipo pia suala la heshima ya kazi. Misitu ya kusini mwa Rufiji, katika Wilaya ya Kilwa, ni maarufu kwa mpingo, na mwaka 2009 vijiji vya huko vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu yao. Mpingo wa Tanzania hutengenezwa klarineti na obo katika viwanda vya Ulaya na Marekani, vyombo ambavyo kwaya ya kijijini haiwezi kuvinunua. Mti umeondoka ukiwa gogo na kurudi ukiwa anasa. Piano inayojipiga kwa ishara za kidijitali nayo si jambo jipya. Kampuni ya Yamaha imekuwa ikiitengeneza kwa jina la Disklavier tangu miaka ya 1980, nayo ni chombo cha matajiri. Marimba ya vibao 20 haiwezi kushindana na piano hiyo kwa uzuri. Lakini seremala, fundi redio na mwalimu wa kwaya wakikaa meza moja, kitatoka chombo ambacho kikiharibika kitatengenezwa hapo hapo kilipoharibikia. Ubora huo haumo katika Disklavier.

Pamoja na hayo, yako maswali ya haki. Wapo watakaouliza iwapo mashine haitawafanya vijana wavivu, au iwapo siku moja haitakaa mahali pa mpigaji. Hofu hiyo isipuuzwe. Vinanda vya umeme vyenye midundo iliyokwisha kutengenezwa kiwandani vimeleta manufaa, lakini pia vimezifanya kwaya nyingi zisikike kana kwamba ni kwaya moja. Ubonyezaji wa kitufe si upigaji wa muziki. Chombo kinachozungumzwa hapa kitakuwa na hatari ileile kama hakitawekewa mpaka.

Mpaka unaopendekezwa ni rahisi kuukumbuka: chombo kipige siku ya mazoezi, na Jumapili kinyamaze. Kisipelekwe mbele ya madhabahu, wala kisisindikize kwaya katika ibada. Kazi yake ni ya mjumbe, aletaye neno na kuondoka. Mafanikio yake yapimwe kwa swali moja: je, baada ya miezi sita, mwanakwaya wa sauti ya pili anaweza kumfundisha mwingine bila chombo hicho? Ikiwa ndiyo, kifungwe katika sanduku na kupelekwa mtaa unaofuata. Ikiwa sivyo, kosa ni la watumiaji, si la umeme.

Jambo la kwanza la kufanya halihitaji fedha nyingi. Kabla ya kibao chochote kuchongwa, nyimbo zinazoimbwa kwa sauti nne na wazee wa usharika ziandikwe sasa, sauti kwa sauti, wakati wenye besi na wenye alto wa zamani wangali hai. Kibao kinaweza kuchongwa mwaka wowote, na solenoidi iliyoungua inaweza kununuliwa nyingine. Sauti ya nne iliyosahauliwa na mtu wa mwisho aliyeijua haina duka inakouzwa.

Usharika uliotimiza miaka 100 umepokea nyimbo zake kutoka vinywa vya watu. Wale watakaoadhimisha miaka 200 nao wanastahili kuzipokea kutoka vinywa vya watu, sauti zote nne, iwe kwa kusaidiwa na kibao cha mninga au bila hicho.